Jina Kabla ya Tendo: Utoto wa Mhusika Mwovu katika Riwaya ya Wicked

Ikisiri

Hadithi tangulizi, yaani kazi inayoandikwa baadaye lakini ikasimulia yaliyotokea kabla ya kazi nyingine iliyokwisha kujulikana, imekuwa njia maarufu ya bunilizi za fantasia kumrejea mhusika mwovu na kumpa utoto. Makala haya yanaihakiki riwaya ya Wicked ya Gregory Maguire (1995) kwa kuuliza utoto huo una kazi gani katika matini. Yanadai kwamba riwaya hii hufaulu pale inapoufanya utoto kuwa mahali jina la uovu linapotungwa, na hulegea pale inapojaribu kuufanya chanzo cha uovu wenyewe. Aidha, makala yanaonyesha jinsi msamiati na upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili unavyolifanya suala hilo kuwa zito zaidi kwa msomaji wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika ngano za Waswahili, zimwi kwa kawaida huingia hadithini likiwa zimwi tayari. Fanani halazimiki kueleza lilizaliwa na nani, lililelewa wapi, wala lilianza lini kula watu. Vladimir Propp, katika utafiti wake wa mwaka 1928 kuhusu umbo la ngano, aliueleza mtindo huu kinadharia: mhasimu katika ngano ni duru ya utendaji. Hudhuru, hupambana na shujaa, humfukuzia. Anayoyatenda ndiyo yanayomtambulisha, na nafsi yake haina umuhimu kwa umbo la hadithi. Fasihi andishi ya Kiswahili nayo ilianza karibu na hapo. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert aliwaita ndugu wa Adili Hasidi na Mwivu. Majina yao yakatangulia matendo yao, na msomaji akajua cha kutarajia kabla halijatendeka lolote.

Mchawi Mwovu wa Magharibi, katika The Wonderful Wizard of Oz ya L. Frank Baum (1900), ni mhasimu wa aina hiyo hiyo. Ana jicho moja lenye uwezo wa kuona mbali, ana kofia ya dhahabu inayowaita nyani wenye mabawa, na huyeyuka anapomwagiwa ndoo ya maji. Hana mama, hana utoto, wala hana jina lake binafsi. Ana cheo na dira tu. Hata ngozi ya kijani ambayo watu wengi huihusisha naye haimo katika kitabu cha Baum, bali ilitokana na filamu ya mwaka 1939. Maguire aliichukua ngozi hiyo, akamtungia mhusika jina la Elphaba kutokana na sauti za herufi za kwanza za majina ya Baum, kisha akaandika maisha yake kuanzia siku ya kuzaliwa hadi kufa.

Gérard Genette, katika Palimpsestes (1982), anaiweka aina hii ya uandishi miongoni mwa miendelezo ya matini, akiutofautisha mwendelezo unaokwenda mbele na ule unaorudi nyuma kutafuta asili. Mwendelezo unaorudi nyuma una sharti moja gumu: mwisho wake umekwisha kuandikwa na mtu mwingine. Elphaba lazima afike kwenye ndoo ya maji. Kwa hiyo kila tukio la utotoni husomwa na msomaji anayeujua mwisho, naye hushawishika kuliona kila tukio kuwa sababu ya mwisho huo. Swali la kiuhakiki basi ni hili: je, hadithi tangulizi inaukubali ushawishi huo, au inaupinga?

2.0 Methali tatu za asili ya uovu

Hekima ya Kiswahili ina kauli tatu zinazofaa kuwa kipimo. Ya kwanza ni “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo”: chanzo cha tabia ni malezi. Ya pili ni “Mwana wa nyoka ni nyoka”: chanzo ni nasaba. Ya tatu ni “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja”: neno linaweza kuanza kabla ya jambo, na jambo likalifuata. Methali mbili za kwanza zinahusu chanzo kilicho ndani ya mtu au ndani ya nyumba yake. Ya tatu inahusu jamii inayosema.

Riwaya ya Kiswahili ina historia ndefu na kauli ya kwanza. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inaonyesha jinsi ukali wa baba, Zakaria, unavyomtayarisha binti kwa maangamizi ambayo ukali huo ulikusudia kuyazuia. Rosa si mhusika mwovu kwa maana ya mhasimu, lakini mantiki ya kisababishi ni ile ile: mtazame mtoto, utamwelewa mtu mzima.

Kauli ya pili inatawala utoto wa Tom Riddle katika Harry Potter and the Half-Blood Prince ya J. K. Rowling (2005). Kazi hii si hadithi tangulizi kamili, kwa kuwa utoto huo unaletwa kwa mbinu rejeshi, kupitia kumbukumbu ambazo Dumbledore anamwonyesha Harry. Riddle analelewa katika kituo cha watoto yatima mjini London, na upweke wake ungeweza kusomwa kama matokeo ya malezi. Hata hivyo, tunapokutana naye akiwa mtoto tayari anawaibia na kuwatisha wenzake, na anajivunia uwezo wa kuzungumza na nyoka, uwezo uliotoka kwa wahenga wake. Methali imekuwa kweli neno kwa neno. Utoto hapa ni ushahidi wa kipelelezi: unathibitisha kilichokuwapo tangu mwanzo, na unamsaidia shujaa kumjua adui ili amshinde.

Suzanne Collins, katika The Ballad of Songbirds and Snakes (2020), anachukua njia tofauti. Coriolanus Snow ana umri wa miaka kumi na minane na ni yatima wa vita, lakini binamu yake Tigris amekulia nyumba moja naye, katika njaa ile ile, bila kuwa kama yeye. Kwa kumweka Tigris kando ya Snow, mwandishi anaivunja hoja ya malezi na hoja ya nasaba kwa pamoja. Kinachobaki ni uchaguzi wa mtu, na msomaji anautazama uchaguzi huo ukifanyika hatua kwa hatua.

Wicked haiingii vizuri katika kundi lolote kati ya haya. Kwa sehemu kubwa, ni riwaya ya methali ya tatu.

3.0 Kuzaliwa katikati ya maneno ya watu

Dibaji ya riwaya inaanza karibu na mwisho wa kisa. Mchawi, akiwa amejificha mtini, anawasikiliza Dorothy na wenzake wakimjadili njiani. Kila mmoja ana habari yake kuhusu asili ya uovu wa mchawi huyo: mwili wake, jinsi yake, maradhi yake, mapepo yake. Habari hizo hazipatani, na hakuna aliyeshuhudia lolote. Kwa mpangilio huu, uvumi unatangulia wasifu. Msomaji anaanza kusoma kuhusu mtoto mchanga akiwa amekwisha kusikia anayosemwa mtu mzima, na anajua kwamba mwenye kusemwa anasikia.

Kuzaliwa kwa Elphaba kunafuata mpangilio huo. Baba yake, Frex, ni mhubiri ambaye siku hiyo ametoka kwenda kuipinga Saa ya Joka la Wakati, jumba la vikaragosi linalozunguka vijijini. Vikaragosi vinamkashifu mbele ya waumini wake, na umati unamgeukia. Wanawake wanaomhudumia mkewe, Melena, wanalazimika kumwondoa nyumbani, na mtoto anazaliwa ndani ya Saa yenyewe, yaani ndani ya chombo cha kutengenezea kashfa. Ishara hii haihitaji kufafanuliwa sana: mtoto anazaliwa ndani ya hadithi ambayo wengine wanaitumia kuhukumu. Wakunga wanashindwa kukubaliana kuhusu jinsi yake, wanafikiria kummaliza, naye anamng’ata mmoja wao kwa meno makali aliyozaliwa nayo.

Ni muhimu kutofautisha hapa kati ya sifa na hukumu. Ngozi ya kijani na meno makali ni sifa. Hazina maadili ndani yake. Ila kila anayezitazama analeta fasiri yake. Frex anaona adhabu ya dhambi. Melena anaona aibu. Yaya anaona tatizo linalotafutiwa dawa. Hakuna mtazamo hata mmoja katika sehemu hii unaomwona mtoto kama mtoto tu. Hata neno la kwanza analolitamka linapokelewa na watu wazima kama ishara mbaya, ingawa mtoto yeyote hujifunza maneno kwa wale wanaoyasema mbele yake. Elphaba anarudisha kwa watu wake lugha waliyomlea nayo.

4.0 Pengo la miaka na jicho la usimulizi

Jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi katika usimulizi wa utoto huu ni ufupi wake. Riwaya ina sehemu tano. Sehemu ya kwanza inaishia Elphaba akiwa bado mtoto mdogo sana. Ya pili inaanza akielekea chuoni Shiz akiwa msichana wa karibu miaka kumi na saba. Miaka ambayo wasifu wa kisaikolojia ungeitegemea, ile ya kujitambua, ya kuchekwa na wenzake, ya kumlea mdogo wake Nessarose aliyezaliwa bila mikono, haisimuliwi moja kwa moja. Inafahamika kwa vidokezo vya baadaye.

Hakiki inaweza kuliona pengo hili kuwa udhaifu: msomaji aliyeahidiwa asili ya uovu amenyimwa kipindi kinachotarajiwa kuifafanua. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama riwaya ingekuwa imekusudia kujenga mnyororo wa sababu. Lakini jicho la usimulizi linaonyesha kusudi tofauti. Sehemu ya kwanza inasimuliwa hasa kupitia wazazi na Yaya. Ya pili inaanza kupitia Galinda, mwanafunzi mwenzake, kisha Boq. Ya tatu inapita kwa Fiyero. Ukiondoa dibaji, Elphaba anakuwa kitovu cha mtazamo baadaye sana, akiwa mtu mzima na akiwa amekwisha kupoteza mengi. Kwa zaidi ya nusu ya kitabu msomaji amewekwa mahali pale pale walipo majirani: anamwona kutoka nje.

Pengo na mtazamo vinafanya kazi pamoja. Kama riwaya ingetuingiza ndani ya Elphaba akiwa na miaka saba au kumi, ingetupa nafasi ya kusema kwamba sasa tunajua kwa nini. Kwa kutunyima nafasi hiyo, inaturudishia swali: mmekuwa mkimhukumu kwa ujuzi gani? Hilo ndilo linaloitofautisha Wicked na utoto wa Riddle, ambapo kila kumbukumbu inaongeza uhakika wa mtazamaji. Kwa Maguire, kila ushuhuda unaupunguza.

5.0 Jina linapokuwa tendo

Hata hivyo, riwaya ingekuwa nyepesi kama ingesema tu kwamba Elphaba alisingiziwa. Methali ya tatu ina sehemu mbili: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sehemu za nne na tano zinahusu huku kuja.

Tukio kuu ni lile la Bi. Morrible, mkuu wa zamani wa chuo cha Elphaba na mshirika wa utawala wa Mchawi wa Oz. Elphaba anakwenda kumuua na kumkuta amekwisha kufa. Anaupiga mwili wake hata hivyo, kisha anakwenda nyumbani kwa Avaric, mwanafunzi mwenzake wa zamani, na kudai kwamba ameua. Mezani, wageni wanajadili maana ya uovu kwa ustarehe wa watu walioshiba, kila mmoja akiwa na nadharia yake, wakati mtu anayejitangaza kuwa muuaji ameketi kati yao. Kisheria hakuua. Kimaadili amekusudia, amepiga, na amelitwaa jina. Hapa ndipo jina linalomfuata tangu kuzaliwa linapopata, kwa mara ya kwanza, saini yake mwenyewe.

Ushahidi wa pili ni wa kimya zaidi. Huko Kiamo Ko, Elphaba anaishi na Liir, mvulana ambaye riwaya inadokeza kuwa ni mwanawe. Hampigi wala hamtesi, hamwoni tu. Mtoto ambaye hakutazamwa kama mtoto amekuwa mtu mzima asiyeweza kumtazama mtoto. Ni hapa, kuliko katika jambo lolote la kichawi, ambapo riwaya inamkabidhi Elphaba wajibu wake. Alitendewa, naye anatenda. Kuyaelewa ya kwanza hakuyafuti ya pili. Liir, kwa upande wake, anamwuliza msomaji kama kutendewa ni udhuru unaoweza kurithishwa bila kikomo.

Upungufu wa riwaya unajitokeza inapoiacha mantiki hii. Kuelekea mwisho, kichupa cha kinywaji cha kijani kinafichua kwamba baba halisi wa Elphaba ni Mchawi wa Oz mwenyewe. Ufichuzi huu unakamilisha fumbo la ngozi, lakini unairudisha methali ya nyoka na mwanawe mlangoni baada ya kitabu kizima kuifukuza. Rangi iliyokuwa sifa tupu, ikipewa maana na watazamaji, sasa inapata sababu, na sababu hiyo ni nasaba. Inaweza kudaiwa kwamba hii ni kejeli: mtawala anamsaka binti yake bila kujua. Kejeli ipo. Lakini gharama yake ni kubwa, kwa sababu fumbo lililotatuliwa kwa kichupa linamwondolea msomaji mzigo wa kujiuliza kwa nini rangi ilihitaji kuelezwa.

Tamthilia ya muziki iliyotokana na riwaya hii, ambayo ilifika Broadway mwaka 2003, na filamu ya mwaka 2024, zinakwenda mbali zaidi upande mwingine. Utoto unabanwa katika dakika chache za mwanzo, ukionyesha mtoto aliyekataliwa. Elphaba wa jukwaani anapona ndoo ya maji, na matendo yake mabaya yanageuka kuwa ajali au uzushi wa watawala. Huruma ya mtazamaji inaongezeka, lakini swali linapotea. Mhusika aliyeondolewa kila kosa hahitaji kueleweka. Anahitaji tu kutetewa.

6.0 Mchawi na zimwi: mzigo wa Kiswahili

Mada ya riwaya hii inapohamishiwa katika Kiswahili, lugha yenyewe inaongeza hoja. Kiingereza cha Baum kina maneno mawili, moja la mwanamume mwenye hadhi, jingine la mwanamke wa kuogopwa. Kiswahili hakitofautishi jinsi hapa: wote wawili ni wachawi. Mfasiri akiandika “Mchawi wa Oz” na “Mchawi wa Magharibi”, anafuta kwa kalamu moja heshima ambayo Kiingereza kilimpa mtawala, na kwa bahati njema anaifikia hoja ya Maguire kabla ya Maguire kuijenga.

Ugumu unaanza kwenye vivumishi. Mapokeo ya Kiswahili yanatofautisha mganga na mchawi kwa lengo la kazi yao, hivyo kwamba neno mchawi limekwisha kubeba shutuma. “Mchawi mwovu” inakaribia kuwa takriri, na “mchawi mwema”, cheo cha Glinda, inakaribia kuwa ukinzani. Kivumishi ambacho kwa Kiingereza ndicho kinachojadiliwa na riwaya nzima kimemezwa, kwa Kiswahili, na nomino. Uwezekano wa kukipinga kivumishi ni mkubwa kuliko uwezekano wa kuipinga nomino.

Hili si suala la tafsiri peke yake. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni yakihesabiwa kuwa ushahidi. Watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa imani zilizojengwa juu ya rangi ya ngozi yao. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ambayo asili yake ni mwaka 1925, ina kifungu kinachohesabu kumshutumu mtu kwa uchawi kuwa kosa, isipokuwa shutuma hiyo ifikishwe kwa mamlaka zinazotajwa. Kwa maneno mengine, sheria inakiri kwamba jina ni tendo. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na mtoto wa kijani aliyezaliwa kati ya wakunga wenye hofu hasomi fantasia ya mbali.

Sarufi nayo inashiriki. Maguire anatenganisha, kwa herufi kubwa, Wanyama wanaosema na kufanya kazi, kama Dkt. Dillamond, mbuzi mwenye uhadhiri, na wanyama wa kawaida. Utawala wa Oz unaufuta mpaka huo kwa amri. Herufi kubwa inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, lakini upatanisho hauwezi kuifuata: mbuzi anayefundisha anasema, na mbuzi wa zizini analia, wote kwa kiambishi kile kile cha A-WA. Kinyume chake, Kiswahili kina njia ya kumshusha kiumbe ambayo Kiingereza hakina. Mtu anaweza kuwa kijitu, na zimwi, katika methali ya “Zimwi likujualo halikuli likakwisha”, linachukua kiambishi li-. Mfasiri makini angeweza kuufuata uhamisho huu: kuwaacha wakunga waseme “hiki” na umati useme “hili”, huku msimulizi akishikilia “huyu” tangu ukurasa wa kwanza.

Na neno mchawi, pamoja na shutuma yake yote, halitoki katika ngeli ya watu. Mwenye kulitamka kumhukumu mwenzake analazimika na sarufi yake kukiri kwamba anamhukumu mtu.

7.0 Hitimisho

Utoto wa mhusika mwovu katika hadithi tangulizi una angalau kazi nne: kuthibitisha nasaba, kulaumu malezi, kuonyesha uchaguzi, au kuchunguza jinsi jina linavyotungwa. Wicked ina nguvu katika kazi ya mwisho. Dibaji yake, kuzaliwa ndani ya Saa, pengo la miaka na mtazamo wa kutoka nje vinamnyima msomaji faraja ya sababu iliyo wazi, na sehemu za mwisho zinamnyima pia faraja ya kutokuwa na hatia. Riwaya inateleza pale tu inapoirudisha nasaba kwa mlango wa nyuma.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, somo linakwenda zaidi ya riwaya moja. Fantasia ya Kiswahili inaendelea kukua kutoka katika ngano zenye mazimwi na wachawi wasio na utoto. Mwandishi atakayewapa utoto atalazimika kuamua ni methali ipi anaiandikia. Akiichagua ile ya tatu, swali lake la kwanza halitakuwa mtoto huyu alifanya nini, bali ni nani aliyesema, lini, na mbele ya nani.